Dawa Ndani ya Kitenge

Consolate alikuwa akiuza mawese kwenye soko la Ruziba, na watu walimfahamu kwa mambo mawili: kipimo chake hakikuwa na hila, na alikuwa mtu wa maombi. Mafuta yalimfikia kutoka Rumonge ndani ya madumu ya njano. Aliyamimina kwenye chupa mteja akitazama, akasubiri povu litulie, kisha akaongeza mpaka shingoni. Wauzaji wenzake walimcheka.

"Mama Joëlla, povu nalo si mafuta?"

"Ni mafuta kwako," aliwajibu. "Mi kuko mwenye kuniangalia."

Mume wake alifariki wakati Joëlla, mtoto wao wa pekee, alikuwa darasa la pili, na kanisa ndilo lililomshika mkono. Lilikuwa kanisa la kuta za matofali na paa la mabati, ndani ndani ya Kanyosha, na nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo walichokiita chumba cha maombi. Waombaji walikutana humo Jumatano na Ijumaa. Consolate hakuingia mule kama mtu anayeingia jikoni kwake. Alipotoka sokoni alioga kwanza, akasugua mikono kwa majivu mpaka wekundu wa mawese upungue, akabadili nguo, akatembea njia nzima bila kuongea na mtu. Na kama siku hiyo alikuwa amemkosea mtu, alianza kwa huyo mtu. Kuna Ijumaa moja wenzake walimngoja karibu nusu saa, kumbe alikuwa amerudi sokoni kumwomba radhi muuza chumvi aliyemjibu vibaya asubuhi.

Wengine waliona anazidisha. Rosette hakuona hivyo. Rosette alikuwa fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri, na kwa miaka mitano wawili hao walikuwa wakipiga magoti upande kwa upande. Joëlla alipougua taifodi, Rosette ndiye aliyelala hospitalini siku ambazo Consolate hakuweza. Rosette alipofukuzwa kwenye chumba alichokuwa akishonea, cherehani yake ilikaa nyumbani kwa Consolate miezi minne. Hawakuwa na mlango uliofungwa kati yao, au ndivyo ilivyoonekana.

Mwezi wa tisa kanisa lilitangaza siku tatu za kufunga. Siku ya pili, saa za mchana, wengine walikuwa wamekwenda kupumzika, wakabaki wao wawili. Rosette aliacha kuomba, akakaa kitako kwenye mkeka.

"Dada, mi naona maombi yetu hayaendi," alisema. "Kuko kitu katikati. Tunamuita Mungu mutakatifu, na sisi tumefunika vitu ndani ya roho. Tufungue. Mi nianze."

Akaanza. Alisema kwamba anamwonea wivu mke wa kaka yake, aliyejengewa nyumba, na kwamba mara nyingine akimwombea anaomba nusu nusu. Alilia kidogo. Kisha akamtazama mwenzake.

Consolate alikuwa na kitu kimoja. Alikuwa amekibeba miaka sita.

"Ni mama yangu," alisema.

Alimweleza kuhusu mvua za mwezi wa nne mwaka ule, maji yalipoingia Buterere mpaka kwenye vitanda. Mama yao alikuwa akiishi huko na Amandine, mdogo wake Consolate. Mama alikuwa na pumu. Jumamosi moja mchana maji yalijaa ndani ya nyumba, baridi ikampanda kifuani, pumzi ikakata. Amandine na majirani walimbeba mgongoni kupitia mashamba ya mpunga yaliyokuwa yamegeuka ziwa, naye akafa kabla hawajafika kwenye barabara ya lami.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Rosette aliuliza kwa upole.

Consolate alitazama mikono yake.

"Nilikuwa natafuta dawa," alisema. "Walinipigia simu. Nilikimbia pharmacie ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nilipoipata nikaifunga ndani ya kitenge, hapa kifuani, isilowe. Nilifika nikiwa nimeikumbatia, nikakuta wameshamfunika."

Rosette alimkumbatia, wakalia mpaka mkeka ukalowa. Rosette alimwambia kwamba hana hatia, kwamba ni Ibilisi anayemsumbua. Consolate alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mwepesi kiasi, ila si mwepesi kama alivyotarajia.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Mchungaji wao, pasteri Révérien, alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, asiyependa kupiga kelele kama wahubiri wengine. Ndiyo maana aliposhuka madhabahuni na kufumba macho, kila mtu alinyamaza. Joëlla alikuwa mbele na simu yake, kwa kuwa yeye na vijana wenzake ndio waliokuwa wakirekodi ibada.

"Kuna mama humu ndani," pasteri alisema taratibu. "Namwona kwenye mvua. Anakimbia. Mama yake anakufa, naye anatafuta dawa. Anakwenda hapa, hakuna. Anakwenda pale, hakuna."

Furaha ilimpanda Consolate kutoka tumboni kama maji ya moto. Mungu anamjua. Mungu wa mbingu amemkumbuka muuza mawese.

"Anayo dawa," pasteri aliendelea. "Ameiweka ndani ya kitenge, kifuani, isilowe. Ameikumbatia. Mama huyu, Bwana anasema: Nilikuona ulipokimbia. Nimekuondolea hatia. Uko wapi? Njoo."

Kanisa lilitoa sauti moja ya kushangaa. Mikono ilimsukuma Consolate kutoka nyuma, maana Rosette alikuwa ameshasema kwa sauti, "Ni yeye! Ni Mama Joëlla!" Akajikuta amesimama mbele, mkono wa pasteri juu ya kichwa chake, watu wakilia, wengine wakianguka chini, Joëlla akimtazama kupitia simu huku machozi yakimtoka.

Na pale pale, chini ya ule mkono, ile furaha iligeuka kuwa barafu.

Kwa sababu hakukuwa na dawa.

Hakukuwa na pharmacie ya kwanza wala ya pili. Hakukuwa na kitenge kilichofungwa kifuani. Jumamosi ile Consolate alikuwa amekaa chini ya hema kwenye harusi ya binti wa jirani, sahani ya wali na nyama mapajani, na simu yake ilipolia aliona jina la Amandine. Ikalia tena. Alijua, au alidhani anajua, ni habari ile ile: mvua imezidi, mama achukuliwe akakae Kanyosha mpaka kiangazi. Alikuwa amechoka na habari hiyo. Simu ilipolia mara ya tano aliizima, akaitia kwenye mkoba, akaendelea kula. Alipoiwasha jioni mama yake alikuwa maiti. Amandine alimwambia alivyopiga, naye akajibu kwamba simu iliisha chaji.

Uongo wa chaji alimwambia ndugu yake. Uongo wa dawa aliutunga siku ya kufunga, mbele ya Rosette, katika chumba ambacho alioga kabla ya kukiingia. Hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote duniani. Na Mungu, kama angetaka kusema neno juu ya siku ile, angemwona chini ya hema na sahani yake. Asingeona kitenge.

Basi aliyesema hakuwa Mungu. Alikuwa Rosette, kwa kinywa cha pasteri.

"Sema asante Yesu," pasteri alimnong'oneza.

"Asante Yesu," alisema Consolate, na maneno yalimtoka kama ya mtu mwingine.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea cha Rosette. Rosette alimwona, akaacha cherehani, akanyoosha mikono.

"Mupendwa! Yesu ashimwe, asifiwe! Sijalala kwa furaha."

"Rosette," Consolate alisema akiwa bado mlangoni, "ulimwambia pasteri mambo yangu?"

Mikono ya Rosette ilishuka pole pole. Aliokota kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

"Kaa basi."

"Sikai. Ulimwambia?"

"Nilimutumia sauti kwenye WhatsApp. Siku ile ile. Lakini si kwa ubaya, dada. Sisi wote wa chumba cha maombi tunafanya hivyo. Mutu akiwa na muzigo, tunamuelezea mutumishi, ili ajue namna ya kuomba."

"Ulimwambia aombe, ama ulimwambia aone?"

Rosette aliokota uzi sakafuni.

"Wote mnafanya hivyo?" Consolate aliuliza. "Yule baba wa deni la nyumba? Yule musichana wa mimba? Maono yote ya pasteri, mulimutumia nyinyi?"

"Si yote."

"Si yote."

"Dada, angalia matunda! Watu waliokoka jana. Wewe mwenyewe ulifunguliwa. Mungu anatumia watu. Kama angetumia njiwa usingekasirika. Na kwani aliyoyasema ni uongo?"

Hapo Consolate alikwama. Alikuwa amekuja na hasira iliyonyooka, na sasa ilikuwa imefika ukutani. Angeweza kusema, 'Hata kama ni kweli, uliniuza,' akaondoka na heshima yake. Alikaa. Alikaa juu ya marundo ya nguo za wateja, bila kuangalia.

"Ni uongo," alisema. "Hakuna dawa. Nilikuwa kwenye harusi. Nilizima simu."

Rosette alikilaza kile kitambaa juu ya cherehani.

"We ulinidanganya," Rosette alisema. Sauti yake nzuri ilikuwa imekauka. "Mi nilifungua roho yangu, nikakuambia mambo ya aibu ya kweli. Na wewe, siku ya kufunga, mbele ya Mungu, ukanitungia hadithi. Nililia na wewe. Nilikuombea siku mbili bila kula, nikimwambia Mungu aangalie ile dawa."

"Ndiyo."

"Sasa umekuja kuniuliza nani amemusaliti nani?"

Consolate alitaka kusema kwamba si sawa. Alitaka kupima: uongo wake ulikuwa wa aibu, wa Rosette ulikuwa wa kulitumia jina la Bwana. Lakini alisimama akatoka, na nyuma yake hakusikia cherehani ikianza tena.

Siku ya Jumanne pasteri Révérien alimpokea ofisini kwake. Alimkaribisha Fanta, akafunga mlango, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Consolate alimwambia yote, harusi na sahani na simu. Alitarajia ashtuke. Hakushtuka sana. Alikaa akisugua kipaji cha uso kama mtu mwenye usingizi.

"Mama Consolate," alisema, "nakushukuru kwa ukweli wako. Mambo hayo tutayapeleka kwa Bwana mimi na wewe. Kwa watu hayana haja."

"Lakini Jumapili ijayo ulitaka nitoe ushuhuda mbele ya watu."

"Utatoa. Hutasema mambo ya dawa. Utasema tu kwamba Mungu amekuondolea huzuni. Hiyo si kweli?"

"Apana, pasteri. Hajaniondolea. Nimeongezewa."

Alitabasamu kidogo, kwa uchovu. "Kuna watu kumi na wawili waliompokea Yesu kwa sababu ya siku ile. Kuna mmoja alikuwa mlevi, leo ni siku ya pili hajanywa. Ukisimama useme ulikuwa uongo, huyo atarudi wapi? Unataka damu yake iwe mikononi mwako?"

Consolate alimtazama. Alikuwa amempenda mtu huyu. Ndiye aliyemzika mume wake, na siku ile alivua viatu vyake vizuri akashuka kaburini kusaidia kuweka jeneza sawa. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Pasteri, wewe ulisema 'Bwana anasema.'"

"Ni namna ya kusema."

"Mi naogopa," alisema Consolate. "Nilidanganya mutu, nimeogopa kiasi hiki mpaka sili. Wewe umesema Bwana amesema, na Bwana hakusema. Hauogopi?"

Kitu fulani kilipita usoni mwa pasteri, kikapotea. Alifungua daftari lake la mikutano, akaangalia saa ukutani.

"Upumzike kidogo na chumba cha maombi," alisema. "Umechoka. Nitawaambia wenzako."

Kumbe wakati huo jambo lilikuwa limeshatoka nje ya kanisa. Joëlla alikuwa amekata kipande cha video akakiweka kwenye WhatsApp yake, na maneno: Mungu wa mama yangu anaona. Jioni hiyo Consolate alimkuta mtoto ameshika simu, midomo imekauka.

"Mama, tante Amandine ameandika."

Amandine alikuwa ameandika mstari mmoja tu. Simu yenye haikuwa na chaji, ilimpa mama yako habari ya kwenda kutafuta dawa namna gani?

"Inamaanisha nini?" Joëlla aliuliza.

Consolate alimwambia. Alimwambia akiwa amesimama, kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba. Joëlla alikuwa na miaka kumi na tisa, na bibi yake alikuwa amemlea likizo zote. Hakulia wala hakupiga kelele. Alifuta video, ingawa kila mtu alikuwa ameshaiona, akaingia chumbani kwake, na siku nne zilizofuata alimsemesha mama yake kwa mambo ya lazima tu: chumvi imeisha, maji yamekuja.

Jumatano asubuhi Consolate alivuka mji wote kwenda Buterere. Alimkuta mdogo wake uani, akianika mpunga juu ya turubai, akiutawanya kwa miguu. Kwenye ukuta wa nyumba bado kulikuwa na alama ya maji ya mwaka ule, mstari wa kahawia unaofika kiunoni. Amandine hakuacha kazi.

"Karibu," alisema, kwa sababu hakuna mtu asiyesema karibu.

"Simu ilikuwa na chaji," Consolate alisema.

Miguu ya Amandine iliendelea kusukuma mpunga.

"Niliona jina lako. Mara tano. Nilikuwa kwenye harusi ya kwa jirani, Mama Chanelle. Nilifikiri unataka tena nimuchukue mama. Nikazima."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa. Niliitunga. Niliitungia mutu aliyekuwa ananiombea, akampa pasteri, pasteri akasema ni Mungu."

Amandine alisimama. Alikuwa mwembamba kuliko dada yake, na jua lilikuwa limemchoma shingo. Alitazama upande wa mashamba, kule walikopita na mama mgongoni.

"Mama aliniuliza mara tatu kama uko njiani," alisema. "Hakuweza kusema vizuri, pumzi haikuwepo. Lakini jina lako alilitaja. Mi nikamuambia, ndiyo mama, Consolate amepokea simu, amepanda taxi, amefika pale kwenye daraja. Alikufa akijua uko kwenye daraja. Miaka sita mi naomba Mungu anisamehe uongo huo. Nilifikiri uongo ni mumoja, na ni wangu."

Consolate alipiga magoti hapo hapo, mpunga ukiingia chini ya magoti yake. Amandine alimwinua kwa mkono, si kwa upole wala si kwa ukali, kama unavyomwinua mtu aliyeangukia kitu chako.

"Apana. Usipige magoti kwangu. Leo nenda tu, dada. Mi sina la kukuambia leo."

Akaenda.

Jumapili pasteri alitangaza kwamba dada Consolate anapumzika kwa sababu ya afya, na kwamba Rosette ndiye atakayeongoza chumba cha maombi. Consolate alisikia hayo kutoka kwa mteja. Yeye mwenyewe hakwenda. Alijua watu watasema amerudi nyuma, na walisema. Mama mmoja waliyefunga naye mara nyingi alipita mbele ya meza yake ya mafuta bila kugeuza shingo, akaenda kununua kwa jirani anayeuza na povu. Alijua pia kwamba angeweza kusimama katikati ya soko akaeleza kila kitu kuhusu sauti za WhatsApp, na nusu ya Kanyosha ingemsikiliza. Mara mbili alifungua kinywa. Mara zote mbili alihisi kwamba anachotaka si ukweli ujulikane, anataka Rosette aumie. Akakifunga.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa maombi. Kwa miaka alikuwa na maneno mengi: Mfalme wa wafalme, Simba, Mwamba, Uliyekalia kiti cha enzi. Sasa asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua kinywa kwa Mfalme wa wafalme, na sauti yake ikamchukiza. Ilikuwa sauti ile ile iliyosimulia habari ya kitenge. Siku ya kwanza aliinuka bila kusema kitu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alisema:

"Mungu, nilikuwa kwenye harusi."

Akangoja. Hakuna kilichotokea. Nje mtu alikuwa anafagia. Lakini alijua kwamba mara ya kwanza tangu mama yake afe, amesema jambo mbele za Mungu ambalo Mungu mwenyewe alikuwa akiliona, na hofu aliyoisikia haikuwa ile ya kuoga na kubadili nguo. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeingia ndani ya nyumba, akakuta mwenyewe yupo. Akalala kifudifudi sakafuni. Alikaa hivyo mpaka Joëlla akabisha mlango kumwambia chai iko tayari, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Joëlla kumpikia chai tangu ile siku.

Baada ya wiki sita Rosette alikuja sokoni. Alikuwa amepungua. Alisimama mbele ya madumu kama mteja.

"Chumba kimekuwa kikubwa bila wewe," alisema.

"Mnaendelea kumutumia pasteri sauti?"

Rosette aliangalia chini. "Mi niliacha. Wengine sijui." Kisha akasema haraka, "Njoo tuombe, dada. Hata si kule. Hata nyumbani kwangu. Kama zamani. Tusameheane iishe."

Consolate alifuta shingo ya chupa kwa kitambaa. Bado alimpenda Rosette, na hilo lilimshangaza.

"Sijakusamehe," alisema. "Kila asubuhi namwambia Mungu hivyo hivyo: Rosette alichukua roho yangu akaitumia kama habari ya mutaani, na mi sijamusamehe, nisaidie. Siku itakapokuwa kweli nitakuja kwako mwenyewe. Leo nikisema nimekusamehe, nitakuwa nimefunga dawa nyingine kifuani."

Rosette alitikisa kichwa pole pole. "Na mimi? Unafikiri mi nimekusamehe?"

"Apana. Sifikiri."

"Bado," Rosette alisema. "Nilifikiri nimekusamehe, mpaka nimekuona."

Wakabaki hivyo, meza katikati yao, mpaka mteja akaja akauliza bei. Rosette aliaga na kuondoka, na Consolate alimimina mafuta, akasubiri povu litulie.

Siku hizo alikuwa akisali kwenye kanisa dogo la Ruziba, karibu na wavuvi wanapoanika samaki wadogo wa ndagala, kati ya watu wasiomjua. Alikaa benchi la mwisho. Siku ya meza ya Bwana aliacha kikombe kipite, na hakuna aliyemuuliza. Amandine alikuwa amempigia simu mara moja tu, kuuliza habari ya kaburi la mama, nani atalipalilia kabla ya mvua. Walipokuwa wanaagana, Amandine alisema:

"Unasali wapi sasa?"

Consolate akamweleza.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

Amandine alikata simu bila kusema zaidi. Jumapili hiyo Consolate aliweka mtandio wake kwenye benchi, pembeni yake, akashikilia nafasi mpaka mahubiri yakaisha. Amandine hakuja. Jumapili ya pili hakuweka mtandio. Walikuwa katikati ya wimbo aliposikia viatu vikiingia mlangoni, akageuka kidogo, akamwona mdogo wake amesimama amekunja mwavuli, akitafuta pa kukaa. Consolate akasogea. Amandine aliliona pengo lile, akalipita, akaenda kukaa benchi la upande wa pili, karibu na dirisha, akaanza kuimba na wengine.

Consolate alirudisha macho mbele. Aliimba naye, na kati ya sauti zote za kanisa lile alikuwa akiisikia moja.